Futi kwenda mita, galoni kwenda lita: kwa nini majibu hayalingani?

Mkadiriaji aliuliza:

Wakuu, habari zenu.

Ninaandaa jedwali la Excel la kubadili futi, pauni na galoni kwenda vipimo vya metriki. Litatumiwa na watu kadhaa wanaosoma michoro na maelezo ya mitambo. Kabla ya kuligawa nimelilinganisha na vikokotoo vya mtandaoni, na kuna sehemu tano ambazo majibu hayakubaliani:

1. Mchoro unaonyesha futi 12 na inchi 7⅝. Njia moja inatoa milimita 3,851, nyingine 3,890.
2. Sakafu ya futi za mraba 1,850. Nikizidisha kwa 0.3048 napata 563.9. Kikokotoo kinasema mita za mraba 171.9.
3. Tangi la galoni 500. Kuna linaposomeka lita 1,893 na kuna linaposomeka 2,273.
4. Maelezo ya mashine yanataka joto la maji lisipande zaidi ya nyuzi 18 za Farenihaiti kati ya kuingia na kutoka. Fomula yangu inatoa −7.8 za Selsiasi, na hiyo haina maana yoyote.
5. Presha ya psi 30 (pauni kwa inchi ya mraba): kwingine kilopaskali 207, kwingine 308.

Halafu, desimali ngapi zibaki kwenye jibu? Naomba namba na sababu zake, maana vikokotoo ninavyo vingi tayari. Natanguliza shukrani.

---

Rula_na_Mizani alijibu:

Mkuu, hapo karibu kila kikokotoo kiko sahihi kwa swali kililoulizwa. Tatizo ni kwamba namba yako moja ina maswali mawili ndani yake. Nizichukue kwa mpangilio wako.

Kwanza ujue namba zipi ni kamili na zipi zimekatwa. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana yadi iwe mita 0.9144 na pauni iwe kilogramu 0.45359237. Kutokana na hapo futi ni mita 0.3048 na inchi ni milimita 25.4, basi, hakuna desimali nyingine zilizofichwa nyuma yake. Lakini 3.28 (futi kwa mita), 2.2 (pauni kwa kilo) na 0.39 (inchi kwa sentimita) ni namba zilizokatwa. Jedwali lako litumie zile kamili tu.

Swali la 1. Futi ina inchi 12, si 10. Aliyepata 3,890 ameandika 12.7625 kama futi, yaani amechukua inchi 7.625 akaziweka nyuma ya nukta. Njia salama ni kushusha kila kitu kwenye inchi kwanza:

12 × 12 = 144
144 + 7.625 = inchi 151.625
151.625 × 25.4 = mm 3,851.275

Kwa futi za desimali hiyo ni 12.6354. Tofauti ya karibu mm 39 inatosha kufanya fremu ya mlango isiingie. Na kosa hili hujirudia kinyumenyume pia: mtu akiona futi 5.75 anasoma "futi tano na inchi saba na nusu", kumbe ni futi 5 na inchi 9. Kama jedwali lina seli moja ya futi, weka ya pili ya inchi kando yake, usimwachie mtumiaji nafasi ya kuziunganisha mwenyewe.

Swali la 2. Eneo ni urefu mara upana, na pande zote mbili zinabadilika. Kizidishio nacho lazima kipandishwe kipeo cha pili: 0.3048 × 0.3048 = 0.09290304. Basi 1,850 × 0.09290304 = mita za mraba 171.87. Kwa ujazo unapandisha kipeo cha tatu: futi moja ya ujazo ni mita za ujazo 0.028316846592, sawa na lita 28.32, na yadi moja ya ujazo ni mita za ujazo 0.76455. Hata ndani ya metriki yenyewe watu huteleza hapa. Mita moja ina sentimita 100, lakini mita ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, na mita ya ujazo ina sentimita za ujazo 1,000,000.

Swali la 4. Kuna joto kama mahali kwenye kipimajoto, na kuna joto kama tofauti kati ya sehemu mbili. Kwa mahali unatoa 32 kisha unazidisha kwa 5/9. Kwa tofauti hutoi 32, kwa sababu sifuri za mizani mbili hizo haziingii kwenye hesabu, zinafutana. Kupanda kwa nyuzi 18 za Farenihaiti ni 18 × 5/9 = nyuzi 10 za Selsiasi. Fomula yako imekuambia halijoto ya maji yaliyoganda, ilhali mashine inazungumzia ongezeko. Weka mistari miwili tofauti: "halijoto" na "badiliko la joto". Hali ni hiyo hiyo kwa kipimo chochote chenye "kwa kila nyuzi", mfano upanukaji wa chuma.

Swali la 5. Geji ya kawaida husoma sifuri ikiwa wazi hewani, yaani inapima kilichozidi presha ya anga. psi 30 za geji ni 30 × 6.894757 = kPa 206.8. Ukitaka presha halisi kuanzia ombwe, ongeza ya anga, kPa 101.3 kwa kiwango sanifu, unapata 308.2. Matairi, pampu na mabomba huandikwa kwa geji. Hesabu za gesi, kwa mfano ujazo wa hewa iliyoshindiliwa, zinataka presha halisi. Kubadili kutoka psi kwenda kPa hakubadilishi aina ya presha, kwa hiyo andika "geji" au "halisi" kando ya namba pande zote mbili.

Kuhusu njia ya kufanya hesabu zenye vipimo viwili au vitatu pamoja, andika kila badiliko kama sehemu yenye thamani ya 1 na ufute majina yanayofanana juu na chini. Mfano, galoni 20 za Marekani kwa dakika kwenda lita kwa sekunde:

galoni 20/dakika × lita 3.785411784/galoni × dakika 1/sekunde 60 = lita 1.262/sekunde

Galoni imefutwa na galoni, dakika na dakika, imebaki lita kwa sekunde. Ukigeuza sehemu moja kichwa chini, majina hayatafutana, na utaona kosa kabla hujagusa kikokotoo. Watu huruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto, kisha wanabaki kujiuliza "nizidishe au nigawanye?".

Swali la galoni namwachia anayelijua vizuri zaidi.

---

Pipa_Tupu alijibu:

Galoni basi.

Galoni ya Marekani ni inchi za ujazo 231, sawa na lita 3.785411784. Galoni ya Uingereza ni lita 4.54609 kamili. Ya Uingereza ni kubwa kwa asilimia 20, ndiyo maana tangi lako lina lita 1,892.7 kwa moja na 2,273.0 kwa nyingine. Hakuna hesabu itakayokuambia ni ipi. Lazima ujue hati imetoka wapi, au upime tangi lenyewe: urefu × upana × kina kwa desimita hukupa lita moja kwa moja.

Usidhani vipande vidogo vina uwiano uleule. Painti ya Marekani ina aunsi za ujazo 16, ya Uingereza ina 20. Lakini aunsi ya ujazo ya Marekani ndiyo kubwa: mililita 29.57 dhidi ya 28.41. Kwa hiyo painti ni mililita 473 kwa 568, na mtu anayepachika asilimia 20 kila mahali atakosea kwenye aunsi, tena kwa kuelekea upande usio wenyewe.

Tani ziko tatu: ya metriki kg 1,000, ndefu ya pauni 2,240 ambayo ni kg 1,016.05, na fupi ya pauni 2,000 ambayo ni kg 907.18. Aunsi ya uzito ya kawaida ni gramu 28.35, ila dhahabu na fedha hupimwa kwa aunsi ya troi, gramu 31.1035. Maili ya nchi kavu ni mita 1,609.344, ya baharini ni 1,852 kamili, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa.

Ukitumia kitendakazi cha CONVERT cha Excel, alama "gal" ni galoni ya Marekani. Ya Uingereza ni "uk_gal". Alama "ton" ni tani fupi. Haitakuonya. Na herufi kubwa na ndogo zinahesabika, "F" na "f" si kitu kimoja kwake.

---

Haraka_Haraka alijibu:

Mnampa mzigo mkubwa. Kwa kazi za kila siku 3.28, 2.2 na 3.8 (lita kwa galoni) zinatosha kabisa.

---

Rula_na_Mizani alijibu:

Kwa kukisia kichwani, sawa, na nakubali kwamba kila mtu awe nazo kichwani. Kwa jedwali litakalotumiwa na wengine, hapana. Tazama ukubwa wa kosa.

Kugawanya kwa 3.28 kunazidisha urefu kwa asilimia 0.026. Kwenye futi 100 ni mm 8, kwenye futi 1,000 ni mm 78. Kugawanya pauni kwa 2.2 kunazidisha kwa asilimia 0.21, kwa hiyo pauni 10,000 zinasomeka kg 4,545 badala ya 4,536. Na anayesema "futi ni sentimita 30" anapunguza urefu kwa asilimia 1.6 tu, lakini akiingia kwenye ujazo wa zege kosa linajirudia mara tatu na anapungukiwa asilimia 4.65. Makosa madogo kwenye kizidishio hukua yakipandishwa kipeo.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, hutokana na kutumia kizidishio cha kipimo kingine. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, safari namba 143, Boeing 767, iliishiwa mafuta angani ikaelea bila injini hadi Gimli, Manitoba. Hesabu ya mafuta ya waliohusika inafaa kusomwa taratibu. Walihitaji kg 22,300. Kwenye matangi mlikuwa na lita 7,682. Walizidisha kwa 1.77, wakapata 13,597 na kuziita kilogramu. Zilizobaki 8,703 wakazigawanya kwa 1.77, wakaongeza lita 4,917. Lakini 1.77 ni pauni kwa lita. Kilogramu kwa lita ilikuwa 0.803. Mafuta yaliyokuwemo yalikuwa kg 6,169, na yaliyotakiwa kuongezwa ni lita 20,088. Namba zote zilizidishwa na kugawanywa sawasawa. Kilichokosekana ni jina la kipimo kando ya 1.77.

Hapo pia kuna somo la pili: lita ni ujazo, kilo ni tungamo, na hakuna kizidishio kimoja kati yao bila kutaja kitu gani na kwa joto gani. Lita moja ni kilo moja kwa maji tu, na hata hapo ni kwa kukaribia.

---

Mkadiriaji alijibu:

Nashukuru sana, nimepata mwanga. Nina ziada moja: orodha ya vifaa ina bomba la chuma la "½ inchi". Nikibadili napata mm 12.7, lakini bomba lenyewe nikilipima kwa nje ni mm 21 na ushei. Jedwali lifanyeje?

---

Uzi_na_Nati alijibu:

Jedwali lisilibadili kabisa. Hiyo ½ ni jina la saizi. Bomba la chuma la ½ lina kipenyo cha nje mm 21.3, la ¾ lina 26.7, la inchi 1 lina 33.4. Kwa metriki hayo yanaitwa DN15, DN20 na DN25, ambayo nayo ni majina, usiende kuyatafuta kwa rula. Jibu linatoka kwenye orodha ya saizi, kamwe si kwenye kuzidisha. Mbao zinazouzwa Amerika Kaskazini kwa jina la 2×4 ni vivyo hivyo: zikisharandwa ni inchi 1½ kwa 3½, yaani mm 38 kwa 89.

Kwa uzi wa bomba, kipenyo pekee hakitoshi. Uzi wa ½ wa Uingereza na ule wa Marekani wa aina ya NPT yote ina meno 14 kwa inchi, sawa na mm 1.814 kutoka jino hadi jino, kwa hiyo huanza kushikana vizuri. Lakini pembe ya jino ni nyuzi 55 kwa mmoja na 60 kwa mwingine. Vinakaza, kisha vinavuja.

Boliti: ¼ inchi ni mm 6.35, si M6 (boliti ya mm 6). Spana: ¾ ni mm 19.05, inaingiliana na ya 19 bila shida. ½ ni mm 12.7, na spana ya 13 juu yake ina nafasi ya mm 0.3, inatosha kuila pembe za nati ikikazwa kwa nguvu.

Na kwa kuwa umetaja mitambo, angalia kipimo cha kukaza. Futi-pauni moja ni nyutoni-mita 1.3558, lakini inchi-pauni ni 0.11298, mara 12 chini. Futi-pauni 80 ni nyutoni-mita 108.5. Maelezo ya zamani yanaweza kuandika kilo-mita, ambapo kilo ni kani ya kg 1 chini ya mvutano sanifu wa dunia, yaani nyutoni 9.80665. Hapo 80 ile inasomeka 11.06.

---

Pipa_Tupu alijibu:

Swali la desimali naona limesahaulika.

Kubadili hakuongezi usahihi. Kama mchoro unaruhusu kipimo kipotoke kwa inchi 1/16 kila upande, hiyo ni mm 1.6, na kuandika 3,851.275 ni kudai umepima hadi elfu ya milimita. Andika 3,851. Lakini ndani ya jedwali acha desimali zote ziende hadi mwisho, ukate mara moja tu kwenye seli inayosomwa. Ukikata katikati kisha ukakata tena, makosa yanajumlishana.

Kuna hali ambayo sheria ya kawaida ya kukadiria haifai, nayo ni mipaka. "Uzito usizidi pauni 250" ni kg 113.398: kata kwenda chini, 113. "Nafasi isipungue inchi ⅛" ni mm 3.175: panda juu, 3.2. Kiwango cha juu unakishusha, kiwango cha chini unakipandisha. Ukifanya kinyume umeruhusu kitu ambacho hati ya asili imekataza, hata kama ni kwa nywele tu.

---

Rula_na_Mizani alijibu:

Nyongeza kuhusu jedwali lenyewe, kisha naishia hapo.

Tenga ukurasa mmoja wa vizidishio, uweke namba chache zilizo kamili: 0.3048, 0.45359237, 231, 4.54609 na 9.80665. Nyingine zote zizaliwe kwa fomula kutoka hizo. psi moja kwa paskali, kwa mfano, ni 0.45359237 × 9.80665 ÷ 0.0254² (0.0254 ni 0.3048 ÷ 12), inatoka 6,894.757. Ukifanya hivyo hakuna mtu atakayechapa 6,984 kwa bahati mbaya ikakaa humo miaka.

Namba na jina la kipimo viwe seli mbili tofauti. Mtu akiandika "500 gal" kwenye seli moja, Excel inayaona maneno na haiwezi kuyazidisha. Jina la kipimo lichaguliwe kwenye orodha, na kwenye orodha hiyo lisiwepo neno "galoni" peke yake, bali "galoni ya Marekani" na "galoni ya Uingereza".

Sehemu za inchi: ukichapa 5/8 Excel inageuza kuwa tarehe. Chapa 0, nafasi, 5/8, itasoma 0.625. Kwa 7⅝ chapa 7, nafasi, 5/8.

Majaribio ya kuweka kando ya jedwali: 212 za Farenihaiti lazima zitoe 100, na −40 itoe −40. Pauni 62.4 kwa futi ya ujazo, ambao ni msongamano wa maji, lazima utoe karibu kg 1,000 kwa mita ya ujazo (unapata 999.55). Kisha badili jibu kurudi lilikotoka. Angalizo tu: kurudi nyuma hakugundui galoni isiyo yenyewe, kwa sababu kosa lililoingia mlangoni linatoka kwa mlango uleule.

---

Mkadiriaji alijibu:

Nimeelewa, nalirekebisha leo. Nguvu za farasi kwenye mota nazo ni aina moja?

---

Uzi_na_Nati alijibu:

Mbili. Ile ya Uingereza na Marekani ni wati 745.7. Ya metriki ni wati 735.5, na kwenye injini za Ulaya mara nyingi huandikwa PS au CV. Kwa farasi 100 tofauti ni karibu kilowati moja. Mota za umeme za Marekani zinazouzwa kwa HP huhesabiwa kwa wati 746, na namba hiyo ni ya nguvu inayotoka kwenye shafti. Umeme unaoingia ni mkubwa zaidi, gawanya kwa ufanisi wa mota ulioandikwa kwenye kibati chake.